Sura ya Saba: Dakika ya Dhahabu Banissa

Mtoto ametoka, na hajalia. Ni usiku wa manane katika zahanati ya mashambani huko Banissa, kaunti ya Mandera. Muuguzi wa zamu yuko peke yake. Mama amejiinua kidogo kitandani, anauliza kwa sauti ya uchovu: mbona kimya? Mtoto ana rangi ya buluu, mikono na miguu imelegea. Kuanzia hapo muuguzi ana dakika moja. Ndani ya dakika hiyo amkaushe, amfunike nguo kavu, amsugue mgongo, aangalie kama njia ya hewa imeziba, na akiona bado hapumui, amvike barakoa ndogo usoni aanze kumpumulisha kwa ule mfuko wa mkono ambao wauguzi wanauita ambu. Wakunga wanaiita Dakika ya Dhahabu.

Nimelisimulia tukio hili kama mfano, lakini mkunga yeyote akilisoma atalitambua. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, 5 hadi 10 huhitaji kusuguliwa na kuchangamshwa ili waanze kupumua, na 3 hadi 6 huhitaji ambu. Sasa tupige hesabu. Chukua zahanati inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Watoto watakaohitaji ambu ni kama wanne hadi saba mwaka mzima. Ikiwa wauguzi watatu wanapokezana zamu, kila mmoja atashika ambu kwa mtoto halisi mara moja au mbili kwa mwaka. Na hiyo mara moja ndiyo ambayo hatakiwi kukosea.

Wahenga walituachia methali kwamba ujuzi hauzeeki. Katika mambo mengi walisema kweli. Ila ujuzi wa mikono una tabia yake: hauzeeki, lakini husahaulika. Aliyefundishwa Januari na asifanye mazoezi, Desemba vidole vyake vinababaika. Kwa hiyo swali la sura hii ni hili: mwanafunzi wa uuguzi anayekwenda kufanya kazi Banissa tumwandaeje kwa usiku ule? Na miwani ya uhalisia pepe, inayosifiwa siku hizi kila panapozungumzwa mafunzo ya tiba, ina nafasi gani katika maandalizi hayo?

Somo la Haydom

Kabla ya kufika kwenye miwani, twende Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko mkoa wa Manyara, Tanzania. Hospitali hii ya mashambani imeifundisha dunia jambo kubwa kuhusu mafunzo ya tiba kuliko vyuo vingi vyenye majengo ya vioo.

Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na washirika wake walizindua mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yaitwayo Helping Babies Breathe. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyajaribu. Haydom wahudumu walifundishwa kwa siku moja mwezi Aprili mwaka huo. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mdoli wa mafunzo, na walionekana wameiva. Kisha watafiti, wakiongozwa na Hege Ersdal, wakatazama yanayotendeka kwa watoto halisi ndani ya chumba cha kujifungulia. Hapo hawakuona mabadiliko. Wahudumu walikuwa wamefaulu mtihani wa mdoli, lakini utendaji wao kitandani ulibaki palepale. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na mtu mwingine angeyaficha.

Haydom hawakuyaficha. Walibadilisha namna ya kufundisha. Badala ya siku moja ndefu kwa mwaka, mdoli aliwekwa wodini na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara, wiki baada ya wiki, hapo hapo kazini. Mwaka 2015 Estomih Mduma na wenzake walitangaza matokeo: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mdoli alikuwa yule yule na hospitali ile ile. Kilichobadilika ni ratiba.

Mbinu hiyo ilipanuliwa baadaye hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania, ikiongezewa vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na walimu wa ndani wa kila hospitali. Ripoti yake ilitoka mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 18, na vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban robo tatu. Huu ndio ushahidi wa Afrika Mashariki yenyewe, na naomba msomaji auweke karibu. Kila kifaa kipya tutakachokitaja katika sura hii tutakipima kwa kipimo cha Haydom: je, kinamfanya muuguzi afanye mazoezi mara nyingi zaidi?

Kwa nini Banissa

Banissa iko upande wa magharibi wa kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, jirani na Ethiopia. Wadi zake ni Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri. Ni nchi ya wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, nchi kavu yenye vilima vya mawe, na mto wa maana ni Daua unaopita mpakani. Mgonjwa aliyezidiwa husafirishwa kwa barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha barabara hiyo hugeuka tope.

Umaskini wa huduma huku una historia. Baada ya uhuru, kaskazini mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na rutuba na faida ya haraka, na nchi ya wafugaji haikuhesabiwa humo. Shule zilichelewa, hospitali zilichelewa, na vyuo vya wauguzi vilichelewa zaidi. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti ya Mandera ilirithi deni la miaka 50.

Deni hilo lililipwa kwa uhai. Uchambuzi wa sensa ya mwaka 2009 ulikadiria kwamba Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, kiwango kilichoitangaza kaunti hii duniani kote kama mahali pa hatari kuliko pote pa kujifungulia. Hali imekuwa nafuu tangu wakati huo, lakini pengo bado lipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 89 ya watoto nchini Kenya walizaliwa mikononi mwa mhudumu aliyesomea kazi hiyo. Mandera ilikuwa asilimia 55.

Lipo jambo jingine. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa ndani ya basi lililotoka Mandera, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 wakauawa Koromey. Walimu na wahudumu wa afya kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka kwa wingi. Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Cuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini. Siwalaumu walioondoka, kila mtu ana mama yake anayemsubiri. Lakini funzo lake liko wazi. Muuguzi atakayekuwa zamu Banissa mwaka baada ya mwaka ni yule aliyezaliwa huku, akasoma karibu, akarudi kwao. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina matawi Garissa na Mandera, na humo ndimo vijana hawa wanamopita. Ubora wa mafunzo ya vyuo hivyo ndio ubora wa huduma atakayopata mama wa Guba.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwanafunzi wa uuguzi hujifunza kwa wagonjwa. Anahitaji kuona kifafa cha mimba, kuona damu inavyomtoka mama baada ya kondo la nyuma kutoka, kuona mtoto asiyelia. Hawezi kupangiwa visa hivyo kama anavyopangiwa somo la anatomia. Huenda miezi yake ya mazoezi wodini ikapita na dharura zote zikatokea usiku yeye akiwa bwenini. Anapata cheti akiwa amesoma yote, ila mengine hajawahi kuyaona kwa macho.

Ndani ya miwani

Uhalisia pepe si wazo jipya. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, msomi wa kompyuta wa Marekani, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hata kikaning'inizwa darini. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 2014, kampuni ya Google ilitoa kibebeo cha boksi la kadibodi chenye lenzi mbili. Unachomeka simu yako ndani, unakiweka machoni, basi. Leo ipo pia miwani inayojitegemea, yenye kompyuta na betri yake ndani, na vishikio viwili vinavyoigeuza mikono yako kuwa mikono ya ndani ya picha.

Tumfuate mwanafunzi mmoja anayeivaa kwa mara ya kwanza. Darasa linatoweka. Amesimama katika chumba cha kujifungulia: kitanda, meza, saa ya ukutani, mama anahema. Akigeuza shingo kulia anaona meza ya vifaa, akigeuka kushoto anaona mlango. Mtoto anawekwa mbele yake, hatikisiki wala halii. Saa inaanza kuhesabu. Mwanafunzi anachukua taulo, anamkausha. Anasahau kuitupa taulo iliyoloa na kuchukua kavu, na programu inalikumbuka kosa hilo. Anamsugua mgongo. Anamwangalia kifua: hakipandi. Sekunde 40 zimepita na yeye bado anatafuta ambu, ambayo alipaswa kuiandaa kabla mtoto hajazaliwa. Anapoipata dakika imekwisha. Programu inamwonyesha alipochelewa, kisha inamuuliza kama anataka kuanza tena.

Anaanza tena. Mara ya tatu, ambu iko mkononi sekunde ya 35. Mara ya sita hafikirii tena nini kinafuata nini. Hapa ndipo ilipo faida halisi ya miwani, na ni kubwa. Inaufundisha ubongo mpangilio wa mambo chini ya shinikizo la saa, inaruhusu kosa ambalo halimuui mtu, na haichoki kurudia. Kisa ambacho muuguzi wa zahanati hukutana nacho mara moja au mbili kwa mwaka, mwanafunzi anaweza kukipitia mara ishirini katika juma moja.

Ipo faida ya pili ambayo watu wa kaskazini mashariki wataielewa upesi: stara. Hospitali za mafunzo zina desturi ya kundi la wanafunzi kukizunguka kitanda cha mama mwenye uchungu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na daftari lake. Kwa mama Mwislamu wa Banissa hilo ni jambo zito, na ni sababu mojawapo inayomfanya aone afadhali kubaki nyumbani na umuliso, mkunga wake wa jadi. Mwanafunzi anayefanya makosa yake ya mwanzo mbele ya mama wa kwenye picha anamhifadhia mama halisi heshima yake. Atakapofika kitandani, atafika akiwa mmoja na akijua analolifanya.

Jaribio la Busia

Je, inafanya kazi? Tunalo jibu kutoka Kenya yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani na Oxford cha Uingereza, pamoja na wenzao wa Kenya na Nigeria, walitengeneza mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yanayotumia simu ndani ya kibebeo cha bei nafuu. Wakayajaribu kwa wauguzi na wakunga 274 kutoka vituo 20 vya Lagos, Nigeria, na Busia, magharibi mwa Kenya. Wote walipata mafunzo ya kawaida. Kisha waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walipewa uhalisia pepe na mwongozo wa simu, wa pili video na mwongozo huo huo, wa tatu mwongozo peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Baada ya miezi sita walipimwa. Katika ujuzi wa kutumia ambu, waliofaulu kundi la miwani walikuwa asilimia 28, kundi la video asilimia 25, na kundi la mwongozo asilimia 22. Tofauti hizo ni ndogo. Kitakwimu huwezi kusema kundi moja liliyashinda mengine. Kilichojitokeza kwa kundi la miwani ni kwamba lilisahau kidogo kuliko mengine: kiwango chake cha kufaulu kilishuka kwa pointi 15 tangu mafunzo, kundi la mwongozo likashuka kwa pointi 27.

Nawaomba viongozi wa vyuo na kaunti wazisome namba hizo polepole. Zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, huenda miwani inasaidia kupunguza usahaulifu. La pili, na ndilo linaloniumiza, miezi sita baada ya mafunzo karibu robo tatu ya wauguzi na wakunga wa makundi yote hawakuweza kutumia ambu kwa kiwango kinachotakiwa. Miwani haikuliondoa tatizo hilo. Sababu yake utaiona ukiutazama mkono wa muuguzi.

Mdoli wa maji

Kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norway, zamani ilitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1960 ilitoa mdoli wa kwanza wa kufundishia upumulishaji, na miaka 50 baadaye ikatengeneza mdoli mchanga wa Helping Babies Breathe, aitwaye NeoNatalie. Ni kitu rahisi sana. Unamjaza lita mbili za maji ya vuguvugu, basi anakuwa na uzito, ulegevu na joto la mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Shingo yake huanguka nyuma usipoishika. Mwalimu akibonya kipira kidogo, kitovu kinadunda kwenye vidole vya mwanafunzi.

Sasa mpe mwanafunzi ambu. Barakoa lazima ifunike mdomo na pua bila kugusa macho. Kidole gumba na cha shahada vinaikandamiza barakoa, vidole vitatu vilivyobaki vinalivuta taya juu. Ukikandamiza kupita kiasi kichwa kinainama na koo linaziba. Ukilegeza, hewa inavujia shavuni. Mkono wa pili unabinya mfuko, na macho yako kwenye kifua: kimepanda au hakikupanda? Kisipopanda, unarekebisha kichwa, unaipanga barakoa upya, unabinya tena. Elimu hii yote inakaa kwenye ngozi na misuli. Kishikio cha plastiki cha miwani hakikupi uzito wa kichwa wala hakikuonyeshi hewa inavyovuja. Unabonya kitufe, picha inatii.

Kwa hiyo kila chombo kina somo lake. Miwani inafundisha nini kifanywe na kwa mpangilio upi. Mdoli anafundisha jinsi ya kukifanya. Chuo kitakachonunua miwani na kumfungia mdoli kabatini kitatoa wauguzi wanaojua hatua zote na wasioweza kuitekeleza ile inayookoa.

Kuna ushahidi mkubwa wa Marekani unaoungana na hili. Mwaka 2014 Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi la nchi hiyo lilichapisha utafiti wa vyuo 10. Wanafunzi ambao hadi nusu ya saa zao za mazoezi ya wodini zilibadilishwa kuwa mazoezi ya kuiga walifanya vizuri sawa na wenzao. Wengi hutaja namba hiyo ya nusu wakasahau masharti yake: walimu waliofunzwa maalumu kwa kazi hiyo, na kikao cha kutafakari pamoja baada ya kila zoezi, ambapo mwanafunzi anaeleza alichokiona, alichokiogopa na atakachokibadilisha. Kikao hicho ndicho kiini cha somo. Miwani isiyo na mwalimu ni mchezo.

Mama wa kwenye picha awe wa Banissa

Tuseme miwani imenunuliwa. Nani yuko ndani yake? Programu nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa ajili ya hospitali za Ulaya na Marekani. Mgonjwa anaongea Kiingereza, dawa zimepangwa kabatini, na ukibonyeza kengele timu nzima inakuja mbio. Mwanafunzi akizoea kengele hiyo, Malkamari ataitafuta wapi?

Kisa cha Banissa kina mambo yake. Mama anazungumza Kigarre, Kiborana au Kisomali, na muuguzi lazima ajue kumtuliza kwa lugha hiyo. Mlangoni yupo mama mkwe wake, na mume yuko malishoni. Damu inatoka, rufaa inahitajika sasa hivi, na wazee wanasema tumsubiri mume. Kumshawishi mzee kwa heshima, bila kupoteza dakika 20, ni ujuzi wa tiba sawa na kutundika dripu, na unaweza kufundishwa kwa kisa kilichorekodiwa vizuri.

Tena kuna hili ambalo halizungumzwi kwa urahisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya wanawake wa kaskazini mashariki wamekeketwa, na aina mojawapo inayopatikana huku ni ile ya kushona. Mama huyo anapojifungua, mkunga lazima ajue lini na namna gani ya kuufungua mshono ule, jinsi ya kuzuia mchaniko, na maneno ya kumwambia mama kabla ya kumgusa. Mwanafunzi wa Garissa au Mandera atakutana na mama huyu tangu wiki yake ya kwanza kazini. Mafunzo ya kuiga yasiyo na mwili wake hayajaandikwa kwa ajili yake.

Kazi hii haiko nje ya uwezo wetu. Mradi wa LIFE, wa Oxford na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kenya, ulitengeneza mafunzo ya dharura za watoto kwa simu na kwa miwani, yakifuata miongozo inayotumika hospitalini Kenya. Hata kabla yake, mwaka 2005, shirika la afya la Amref na washirika wake walianza kuwaendeleza wauguzi wa Kenya kwa njia ya kompyuta hadi ngazi ya stashahada bila kuwaondoa vituoni mwao. Nadharia walisoma kwenye kompyuta, na vitendo walivifanya hospitalini chini ya macho ya msimamizi. Mpangilio huo ulifaa wakati ule, na unafaa leo.

Umeme, joto na mpangilio wa manunuzi

Mandera iko nje ya gridi ya taifa. Umeme wake unatokana na jenereta za dizeli na miale ya jua. Betri ya miwani inayojitegemea hudumu saa mbili au tatu, na kifaa chochote cha kielektroniki kikipata joto kali hujizima. Vumbi hukwaruza lenzi. Povu linalogusa uso hubeba jasho na maradhi ya ngozi kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine lisiposafishwa. Programu ambayo haifanyi kazi bila intaneti haifai kabisa. Mambo haya yanatatulika: paneli ya jua, chumba chenye kivuli na upepo, masomo yaliyopakuliwa mapema, vifuniko vya kuosha, na fundi wa karibu. Lakini yaandikwe kwenye bajeti kabla miwani haijanunuliwa. Mashine zilizoletwa kwa sherehe na kukata utepe, kisha zikafia stoo kwa kukosa kipuri kimoja, tumeziona za kutosha.

Nikiulizwa na waziri wa afya wa kaunti aanzie wapi, nitamwambia hivi. Kwanza, ambu na barakoa za saizi mbili katika kila chumba cha kujifungulia, na mdoli mmoja katika kila kituo. Pili, ratiba ya mazoezi ya dakika 10 kila wiki, yenye daftari la kutia sahihi. Tatu, msimamizi mmoja wa kila kituo aliyefundishwa kuongoza mazoezi na kikao cha kutafakari. Nne, miwani michache katika matawi ya KMTC ya Mandera na Garissa na katika hospitali ya Banissa, yenye visa vilivyoandikwa pamoja na wakunga wa huku, kwa lugha za huku. Akibadilisha mpangilio huo akaanza na la nne, atapata picha nzuri za magazeti. Akiufuata, atapata wauguzi.

Na wewe mwalimu wa uuguzi unayesoma sura hii, usiisubiri miwani. Ikifika, ipokee kwa mikono miwili na uitumie. Lakini kesho asubuhi, kabla ya zamu kuanza, mtoe mdoli kabatini, mjaze maji ya vuguvugu, mlaze mezani, kisha mwite mwanafunzi wako na utazame saa. Wiki ijayo mwite tena.